Kona Salama ya Malinya

Dinah alikuwa akimenya viazi vitamu mlangoni mwa jikoni aliposikia mgeni akiisifu barabara yao.

"Mzee Hezekiah, kona yenu ni mfano mwema," mgeni alisema. Aliitwa Wesley, mtu wa ofisi ya usalama barabarani kutoka Kakamega mjini, na viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi. "Nchi imeahidi kupunguza vifo vya barabarani vifike nusu. Sehemu nyingine bado tunahangaika. Lakini kona ya Malinya, mwaka mzima, hakuna aliyekufa. Ndiyo maana matuta ya kupunguza mwendo wa magari mliyoomba yatapelekwa kwingine. Nimetumwa niwaeleze wazee, msione mmedharauliwa."

Kisu kikasimama mkononi mwa Dinah. Mume wake Oliver, mtoto wa Hezekiah, aligongwa na lori la mchanga kwenye kona hiyo hiyo mwaka huo huo, msimu wa kupanda mahindi. Alilala hospitalini wiki mbili bila nafuu, kisha wazee wa ukoo wakaagiza arudishwe nyumbani. Siku ya tatu alifia kitandani mwake, akimtafuta mkewe kwa mkono.

Katika ukoo wa Hezekiah, mtu aliyeuawa na barabara hazikwi kwa heshima. Huzikwa pembeni, nje ya ua, bila ngoma za isukuti wala mafahali wa kulikanyaga kaburi lake. Kwa hiyo naibu chifu alipouliza Oliver ameuawa na nini, ili atoe kibali cha mazishi, Hezekiah alijibu bila kusita: nimonia aliyoipata hospitalini, si lori. Naibu chifu akaandika alivyoambiwa, maana mtu akifia nyumbani, wenye nyumba ndio humsemea. Mafahali wakaja, vumbi likapanda, na mzee akasimama kofia mkononi akilia mbele ya watu wote.

Siku ile Dinah alinyamaza. Naye alitaka Oliver azikwe vizuri. Hakujua kwamba nimonia ile ingesafiri hadi ofisini na kurudi kama sifa ya kona. Na binti yao Gentrix alivuka kona hiyo kila asubuhi akienda shule.

Mkaza mwana hampingi baba mkwe usoni. Hata kiti hawakalii kimoja. Akiwa na neno, humwambia mtu mwingine, mzee akisikia. Dinah alifuta mikono, akasimama ukutani, macho kwenye sufuria.

"Mgeni," alisema, "uliza basi. Mume wangu, mwenye ile nyumba ndogo pale, aliuawa na nini?"

Hezekiah alikohoa. "Wesley, mwambie huyo mama viazi vitaungua."

"Mgeni, mwambie Baba viazi bado havijaona moto."

Wesley aligeuza shingo huku na huku. "Jameni, si mnasikiana?"

"Tunasikiana," alisema Hezekiah. "Lakini wewe mwambie."

"Basi mwambie Baba," Dinah aliendelea, "kwamba namshukuru kwa wale mafahali. Watoto wangu watawasimulia. Lakini mafahali waliletwa kwa namna Oliver alivyoishi na watu. Hawakuja kumpima kifua."

"Mwambie huyo mama," alisema Hezekiah, "kwamba ndugu zangu watasema nimeingiza mtu wa barabara ndani ya boma kwa hila. Watataka kaburi lihamishwe."

"Mwambie kaburi likihamishwa nitalifuata huko huko. Gentrix akigongwa, nitafuata nini?"

Wesley hakuhitaji kufikisha ujumbe huo. Kuku walikuwa wakiparua karibu na miguu ya mzee, naye hakuwafukuza. Mikono juu ya magoti, alitazama upande wa kaburi la mwanawe, ambapo nyasi zilikuwa zimeanza kuota.

"Kijana," alisema mwishowe, "mtu akigongwa leo, akaja kufia kitandani, ninyi mnamhesabu?"

"Akifa ndani ya siku thelathini kwa sababu ya ajali, tunamhesabu, mzee, hata akifia mapajani mwa mama yake. Lakini tusipoambiwa tutajuaje?" Wesley alishusha sauti. "Nami nisikufiche. Nikirudi na kifo, mkubwa wangu atanuna. Amekwisha kutangaza kwamba huku vifo vimepungua."

"Vimepungua, au tumevificha?"

Wesley alitoa kalamu.

Hezekiah aliingia ndani, akatoka amevaa koti la kanisani. "Andika kwamba alifia nyumbani kwake, kitandani, mkewe akiwa karibu. Hilo usilifute. Lakini lori ndilo lililomuua. Twende kwa naibu chifu. Nilimwambia nimonia kwa mdomo huu, na kwa mdomo huu nitamwambia lori."

"Tuta halitajengwa kwa kifo kimoja, mzee. Nisikupe matumaini ya bure."

"Sijasema ni kimoja." Mzee akaendelea haraka, kama anayemeza dawa chungu. "Tutapitia kwa Navalayo, pale chini. Mumewe aligongwa hapo hapo, wakasema ni tumbo. Ni mimi niliyewashauri, nao hawakuwa wa kwanza. Akiona nimetangulia kusema, atasema."

Kisha alimgeukia Dinah mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya harusi.

"Mama Gentrix," alisema. "Ndugu zangu wakija kabla sijarudi, wape chai. Usijibizane nao. Waambie waningoje mimi."

"Ndiyo, Baba."

Dinah aliwasindikiza kwa macho hadi barabarani. Wadogo wawili wa Hezekiah walikuwa wamekaa nje ya duka, na mazungumzo yao yalikatika walipomwona kaka yao akipita na mtu wa serikali, amevaa koti la Jumapili siku ya kazi. Mzee aliwasalimu kwa majina. Hakusimama.