Konea ya Mwalimu wa Dansi

Jumanne saa nne asubuhi, muuguzi alimsomea fundi cherehani karatasi iliyobandikwa kwenye chupa ya konea, kile kioo cha mbele ya jicho, atakayowekewa. Ilitoka kwa marehemu bibi wa miaka themanini na mmoja, mwalimu wa dansi. Seli zake chache. Imekaa kwenye friji siku kumi na mbili.

"Si niliambiwa ni ya kijana, ina seli tele?"

"Ile amewekewa shemeji yake mkurugenzi wa hospitali, dada. Alikuja jana."

"Na mimi nimengoja miaka mitatu!"

"Ndiyo hivyo."

Fundi akapanda kitandani. Jicho lilikuwa limefunga ukungu kabisa. Wateja wawili walishamrudishia suruali zenye mguu mmoja mrefu.

"Konea ya mzee huchoka mapema," daktari alimwambia bila kumficha. "Ikifika miaka miwili, mama, tushukuru."

Kesho yake bandeji ilitolewa. Fundi akamtazama daktari, na daktari akainuka hewani shubiri moja kutoka sakafuni, miguu yake ikaanza kucheza yenyewe.

"Unaona?"

"Vizuri sana."

Daktari akaandika "anaona", akaomba ashushwe. Fundi akafumba jicho, akashuka.

Nyumbani mume alielea na kikombe chake cha chai bila kumwaga tone. Mama mkwe alikataa katakata kushuka. Wateja walipimwa wakizunguka hewani, wakicheka hadi mbavu ziwaume, na fundi hakuinama tena kukunja pindo za suruali.

Baada ya miezi sita daktari alizihesabu seli. Zilikuwa maradufu.

"Hizi huwa hazizaliani," alisema, kichwa kikigusa dari.

"Labda kila moja imetafuta wa kucheza naye."

Akaandika hivyo hivyo kwenye faili.

Shemeji alilalamika kwamba yeye hainui hata paka. Mkurugenzi akatoa agizo: konea za wazee zitengewe watu wake. Za vijana pia, kwa tahadhari.

Siku ya tangazo, fundi alikuwa kwenye benchi la kliniki kando ya mpishi wa shule aliyengoja miaka minne.

"Nimerudishwa nyuma tena," mpishi alisema.

Fundi akakodoa jicho. Benchi zima likapaa, watu wakicheka, wakishikana viuno na kuzungushana. Chini yao muuguzi aliendelea kuita majina, akianza na ya wale ambao hawakuwahi kupanga foleni.