Litamtosha

Mimi ni mtu wa Muheza, Tanga, na Kiswahili sikukisomea, nimezaliwa nacho. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba Kamina nako wanasema Kiswahili nilifurahi sana. Nilikuwa Lubumbashi kwa mwaliko wa akina mama wa kanisa, nikiwafundisha ushonaji, na Kifaransa, walichodhani ndicho cha kumsemesha mgeni, kilikuwa kimenichosha kichwa. Mwisho wa wiki wakanipakia kwenye kindege cha kanisa, nikalale Kamina kwa familia moja ya Kimethodisti, kisha nirudi Jumapili.

Nilipokelewa na Baba Esdras, mwalimu mwenye kikohozi kisichoisha, na mkewe Mama Agar, mwanamke mnene wa sauti ndogo. Kabla sijatua begi, Agar akanivutia kiti.

"Ikala, mama, tusumbulie kidogo."

"Hapana, mama, sitaki kuwasumbua," nikasema, na begi nikalishika vizuri.

Baba Esdras akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. Kumbe kusumbulia kwao ni kuzungumza tu. Nikampa Agar sukari niliyomletea, akaniambia "Wafwako, mama," na mimi nikashtuka, nikadhani ananitajia wafu wangu. Ni asante ya Kiluba. Tukacheka tena. Ijumaa ile ilianza kwa vicheko, nami nikajidanganya kwamba kila tutakapokosana maneno tutaishia kucheka.

Aliyetunawisha mikono alikuwa Lise, binti wa kaka yake Agar, msichana wa miaka kumi na sita kutoka upande wa Malemba-Nkulu. Mrefu, mabega mapana, maneno hana. Tulikuwa tunakula bukari, yaani ugali wao, na samaki wakavu wa Kinkondja, mwanaume mmoja alipopiga hodi. Lise akaweka jagi chini na kutokea mlango wa nyuma. Yule mgeni akavua kofia, akatusalimia mmoja mmoja, akauliza hali ya kifua cha Baba Esdras, akanywa maji, akaaga.

"Ana adabu kijana huyu," nikasema.

Agar akainamia sahani yake. Esdras akasema, "Ule njo Monga. Alikuwa mukubwa wa bale ba mu pori, kule Malemba. Siku bantu banakimbia, akakamata Lise. Alikala naye mu pori mpaka mutoto akatoroka, akafika huku na miguu. Sasa Monga alirudisha bunduki, iko muntu wa amani. Dimanche anakuja kusali na siye."

"Na hapa nyumbani anatafuta nini?"

"Anasema Lise iko bibi yake. Lundi analeta mali na bantu yake."

Mali ni mahari, bibi ni mke, na lundi ni Jumatatu. Nikauliza kama hakuna wa kumshtakia. Akasema ameshakwenda kwa wakubwa wote anaowajua, na kila mmoja alimwambia kwamba mtu anayekuja na mali na kofia mkononi hana kosa.

"Mkatalieni basi!"

"Tukikatala, mama, siku ingine hatapiga hodi."

Nilikasirika mpaka bukari likanishinda. Mimi nikikasirika lazima mikono ifanye kazi, la sivyo nitamtukana mtu. Dirishani palikuwa na cherehani ya Agar, ya kukanyaga, nzee lakini nzima. Nikatoa kitenge cha bluu nilichokuja nacho, nikamwita Lise nimpime. Futi ilipomgusa bega la kushoto akaruka. Nikaona ncha ya kovu ikipanda kuelekea shingoni. Sikuuliza. Mabega nikayapima kwa macho, na nikajua papo hapo kwamba kitambaa ni kidogo, nitalazimika kuunga.

Lise alipotoka, Agar akaja akasimama karibu na cherehani. Alikuwa anasokota ncha ya kitenge chake.

"Mama," akasema, "weye utaweza kumutosha?"

Nilikuwa na pini mdomoni na chaki mkononi, macho kwenye kitambaa. Neno hilo kwetu mafundi ni la kila siku: limtoshe, lisimtoshe, limbane, limpwaye. Huyo "weye" nikamwacha apite, maana ngeli kwao ni za hiari, unachukua unayoipenda. Nikatema pini.

"Litamtosha, mama. Ondoa wasiwasi."

"Hata kama iko nguvu?"

"Hata ikiwa kazi ngumu. Nitaunga hapa na hapa. Kumtosha litamtosha."

"Lini?"

"Jumapili, kabla sijapanda ndege."

Mama yule akapiga magoti sakafuni, akapiga makofi taratibu, viganja vimejikunja, huku machozi yanamtoka. "Wafwako, mama. Wafwako." Nikamwinua, nikamwambia aache, gauni moja tu hilo. Nadhani hilo la mwisho hakulisikia.

Jumamosi nilipewa heshima ambayo sijawahi kupewa hata siku ya harusi yangu. Wakachinja kuku, nami nikapewa firigisi. Majirani wakaja kunishika mkono kwa mikono miwili. Baba Esdras akavaa tai, akaniambia, "Mama, kwa hii kitu ya Lise, hatuna maneno." Nikasema ni kitu kidogo. "Apana," akasema, "haiko kidogo." Moyoni nikasema, loo, wenzetu hawa wanajua kuthamini fundi, kule Muheza mtu anachukua nguo yake na asante haachi. Agar akamsuka Lise nywele upya kutwa nzima. Na Lise, ambaye Ijumaa sikumsikia sauti, alipasha pasi ya makaa huku akiimba, akaniuliza kama Tanga kuna bahari, na kama watu wa kule wanapenda wageni.

"Wanawapenda sana," nikasema. "Siku moja uje."

Akacheka na kufunika mdomo. Gauni alilijaribu jioni. Lilimkaa kama ngozi yake, na ule muungo wa begani nilioufanyia hila ukalifunika kovu lote.

Jumapili kanisani mchungaji alimwita Lise mbele kwa gauni lake la bluu, akamwekea mikono, watu wakalia. Monga alikuwa ameketi nyuma na kofia yake magotini, anafuata kila neno. Mimi nilidhani wanamwombea kwa ajili ya hiyo Jumatatu.

Baada ya chakula tukaenda uwanja wa ndege. Baba Esdras alikuwa na baiskeli, na juu yake limefungwa begi langu pamoja na begi jingine dogo la plastiki. Sikulitilia maanani. Rubani, bwana mmoja anaitwa Gamaliel, alinipima kwenye mizani yeye mwenyewe, kisha Lise naye akavua viatu, akapanda.

"Huyu ni nani?" Gamaliel akauliza.

"Anaenda na mama," Agar akajibu. "Mama anamutosha."

Kusema kweli bado sikuelewa. Nikaangalia gauni. Nikasema, "Ndiyo, limemtosha."

Baba Esdras ndiye aliyeona uso wangu. Alikuwa mwalimu, nadhani amezoea kuona uso wa mtu ambaye hakuelewa swali. Akauliza polepole, "Mama, kwenu kutosha ni nini?"

Nikamweleza. Nguo kumfaa mtu, chakula kuwafikia watu. Akaziba macho kwa kiganja. "Huku," akasema, "kutosha ni kuondosha kitu mahali. Kumutosha muntu mu moto. Mama Agar alikuuliza kama utatosha Lise hapa Kamina, uende naye kwenu."

Agar alikuwa anatutazama kwa zamu, bado anatabasamu.

Nilimgeukia Gamaliel kama kichaa. Nikamwomba. Kindege kilikuwa na mgonjwa wa kulala na muuguzi wake, na uzito umeshafika, hata kilo ya karanga haikubaliki. Nikasema basi achukue kiti changu, mimi nitabaki, visa iishe ikitaka kuisha. Gamaliel akatazama mizani, akasema inawezekana. Nilimshika Lise mkono.

"Panda, mwanangu. Lubumbashi nitakukuta."

Lise hakusogea. "Lubumbashi minyi naenda kwa nani?"

"Kwa akina mama wa kanisa."

"Kanisa ile ile? Monga iko anasali mu kanisa ile." Alisema bila ukali wowote. "Kule iko na bandugu yake. Watanitafuta. Na hapa, kesho, asiponikuta, atauliza mama Agar. Weye unabaki hapa, atakuuliza na weye. Minyi nilikuwa nafwata weye, mama. Mbali. Ku bahari."

Pasipoti hana, cheti hana, mpakani angepita na nani? Nilikuwa najua hayo yote na yeye alikuwa anayajua. Akashuka kwenye mizani, akavaa viatu, akafungua kamba ya baiskeli na kuchukua kile kibegi chake mwenyewe. Agar ndipo akaelewa. Hakupiga kelele. Alinishika shavu, akaniambia haiko kosa yangu, na hilo ndilo nisilolisahau. Afadhali angenitukana.

Niliondoka. Kutoka juu niliona reli, halafu mabati, halafu doa la bluu uwanjani, halafu sikuona kitu. Nililia mbele ya mgonjwa ambaye alikuwa na haki ya kulia kuliko mimi.

Nimesharudi Muheza. Nimewapigia wanasheria, mashirika, watu wa kanisa, wote wanasikitika. Wiki iliyopita simu ikaita kidogo, ikaja picha. Lise amesimama kando ya Monga mbele ya nyumba nisiyoijua, amevaa gauni langu, kwa sababu ndilo jipya alilokuwa nalo. Nikaikuza kwa vidole. Fundi ni fundi hata akiwa na uchungu: mabega yamekaa sawasawa, hakuna mkunjo, kovu halionekani kabisa.

Chini ya picha palikuwa na sauti ya Agar, ndogo kama siku zote. Alikuwa anajikaza aseme Kiswahili changu, nisikosee tena.

"Mama, uone. Gauni linamtosha."