Mguu wa Sajini Wasike

Waya wa seng'enge ulimchuna Sajini Conrad Wasike juu kidogo ya kifundo cha mguu, alipokuwa akiwasimamia wafungwa shambani, nje ya Jinja. Aliifuta damu kwa kitambaa, akaendelea na zamu. Kesho yake, nyumbani kwao Walukuba, mkewe Gorreti aliona ngozi imekuwa nyekundu na imevimba. Akamwambia waende kliniki.

"Nikirudi," alisema Conrad. Baba yake mdogo alikuwa amefariki kule Nakaloke, karibu na Mbale, na maziko hayangemngoja.

Gorreti alikuwa ametoka tu kumuuguza binti yao, Daphine, aliyeugua malaria kali. Nguvu za kubishana hakuwa nazo. Wakamwacha mtoto kwa jirani, wakapanda gari la Mbale.

Walipofika msibani, Conrad alishindwa kuvua kiatu. Alitetemeka kwa homa huku jua linawaka, na maumivu yakamliza mbele za watu, yeye ambaye hakulia hata alipomzika mama yake. Kiatu kilipokatwa kwa kisu, mguu ulikuwa zambarau, umejaa malengelenge. Jeneza halijashushwa, ndugu zake wakambeba hadi kwenye gari, wakamkimbiza hospitali mjini Mbale.

Aliyempokea ni Daktari Amreen, Mhindi mzaliwa wa Jinja, aliyeongea Kiswahili bila kutafuta maneno. Alimpeleka moja kwa moja kwenye upasuaji, akaondoa nyama iliyokwisha kufa. Lakini kesho yake uso na mikono ya Conrad ilikuwa imefura, mkojo umekauka, na presha inazidi kushuka.

Gorreti alikuwa ameketi sakafuni kando ya kitanda, mgongo ukutani.

"Daktari, dripu inaingia tangu jana," alisema. "Hayo maji yanakwenda wapi?"

"Yanavuja, mama." Amreen alichuchumaa karibu naye. "Bakteria walioingia kwenye ule mkwaruzo wanatoa protini zenye sumu. Nyingine zinatoboa chembe za mwili. Nyingine zinaichokoza kinga yake, nayo inachachamaa mwili mzima, kana kwamba adui yuko kila mahali. Mishipa midogo ya damu inaumia, inalegea, inavuja. Maji yanatoka kwenye damu yanajaa kwenye nyama. Ndiyo maana amefura, na ndiyo maana presha inaanguka."

"Na dawa?"

"Anapata mbili. Moja inaua bakteria, nyingine inawazuia kutengeneza sumu. Lakini dawa inasafiri na damu, na huko mguuni damu imeganda ndani ya mishipa. Haifiki." Amreen alijifikicha macho. Yeye pia alionekana hajalala. "Mguu utoke, mama. Juu ya goti. Leo."

Conrad alikuwa amesikia.

"Hapana," alisema kwa sauti nzito. "Niache nife na miguu yangu."

"Afande, nisikilize..."

"Askari wa mguu mmoja atamlinda nani?"

Amreen akamtazama Gorreti. Gorreti alijiinua polepole, akashika chuma cha kitanda. Njia nzima kutoka Nakaloke alikuwa akipanga maneno ya kumbembeleza akubali kutibiwa. Sasa hakukumbuka hata moja.

"Baba Daphine, mimi nimechoka," alisema. "Nimechoka hata kulia siwezi. Nilikuja kuzika mtu mmoja. Wa pili simziki kwa ajili ya mguu. Ukitaka kufa, nitafutie kwanza wewe mwenyewe mtu wa kwenda kumwambia mtoto, kwa sababu mimi siendi."

Conrad alifumba macho. Machozi yakapita pembeni ya uso wake uliofura. Kisha akamwambia daktari, "Fanya."

Walikata. Presha haikupanda mara moja. Hata bila mguu, sumu zilizokwisha kusambaa ziliendelea kumsumbua. Figo zilikawia kuamka, na Gorreti akawa anaangalia mfuko wa mkojo kama mtu anayetazamia mvua wakati wa kiangazi. Kisha asubuhi moja muuguzi alimwita aone: mkojo wa njano, kidogo, chini ya mfuko. Gorreti akacheka peke yake, akakaa chini.

Walirudi Walukuba. Kazini walimhamishia Conrad kwenye chumba cha redio ya mawasiliano. Nyumbani alikuwa mkali, akilalamikia chumvi ya chakula, akimlaumu Gorreti kwa mguu uliomuuma ingawa haupo. Gorreti alikuwa akifua, akipika, akimwegemeza bafuni.

Jumapili moja Gorreti alirudi kutoka kanisani akamkuta Conrad ameketi kwenye kigoda uani, magongo kando yake, akimenya matoke. Alikuwa akimenya vibaya, anaondoa ganda pamoja na nusu ya ndizi.

"Ingia ndani ulale, Mama Daphine," alisema bila kuinua macho. "Nikiivisha nitakuamsha."

Gorreti aliingia, akajitupa kitandani akiwa bado na gomesi, vazi lake la kanisani, akalala.