Zinki Kazuiliwa Getini

Ndoto hii Namkunda aliiota mchana kweupe, akiwa amejilaza kwenye kiti cha pikapu yake, miguu nje, ubavuni mwa nyumba yao kule milimani Same. Alilala na hasira. Asubuhi ile pikapu, ambayo ni ya zamani kuliko ndoa yake, ilipanda mlima ikigonga tak-tak-tak kama cherehani, na wakulima waliompa tangawizi yao aishushe sokoni walimtazama kwa jicho la watu wanaotafuta gari jingine.

Yote yalianza alipobadilisha oili. Alikuwa amemwomba Eliapenda, mwenye duka la spea mjini, ile oili nzito aliyoizoea. Eliapenda akacheka mbele ya wateja.

"Mama, oili ni oili. Hii ndiyo ya kisasa, nyepesi kama maji. Magari ya mwaka huu yanatumia hii hii. Au unataka gari lako liendelee kuzeeka?"

Namkunda akainunua, akaimimina. Kugonga kukaanza wiki hiyo hiyo.

Basi akasinzia, na mara akasikia mtu chini ya boneti akiomba radhi.

"Samahani, mzee. Samahani, mzee. Samahani, mzee."

Akashuka, akainua boneti. Hakukuwa na injini. Kulikuwa na ngazi za saruji zinazoelekea chini. Akavua ndala, kwa sababu palikuwa pamedekiwa, akateremka.

Chini kuna ukumbi. Katikati amelala mzee mrefu wa chuma, ana nundu kuanzia shingoni hadi kiunoni, anazunguka polepole kama mshikaki. Kando yake wamejipanga watu wafupi wa chuma, vichwa bapa. Kila nundu inapopita, mmoja wao anaikwangua kwa kichwa, unga wa chuma unadondoka, naye anasema, "Samahani, mzee."

"Nyinyi ni akina nani?" Namkunda anauliza.

"Mimi ni Kamshafti," anajibu mzee bila kuacha kuzunguka. "Nundu zangu ndizo zinazofungua valvu, injini ipate kupumua. Hawa ni akina Tapeti. Ni watu wa adabu sana."

"Lakini wanakumaliza!"

"Ndiyo. Kwa adabu."

"Shikamoo, mama," anasema Tapeti wa mbele. "Si kupenda kwetu. Zamani kulikuwa na mtu anayelala katikati yetu na mzee. Anaitwa Zinki. Alikuwa anakuja na oili. Hii oili mpya imeleta kivuli chake tu. Mwenyewe kazuiliwa getini."

"Geti gani?" akauliza Namkunda, na kabla hajafunga mdomo alikuwa amekwisha kusimama getini.

Bawabu ni faneli ya njano ya kumiminia oili, kavaa kofia ya ulinzi. Nje ya geti ameketi mtu mdogo kama mtoto, rangi ya kijivu, mwili wote unateleza oili, amekumbatia mto wake.

"Wewe ndiye Zinki? Kazi yako hasa ni ipi?"

"Kulala, mama. Chuma kikimkaribia chuma mwenzake, najitandaza katikati. Wananikanyaga mimi badala ya kusagana wao."

"Haikuumi?"

"Inaniuma. Ndiyo kazi yenyewe."

Namkunda akamgeukia bawabu. "Mfungulie."

"Haruhusiwi," akasema Faneli. "Atamdhuru mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

"Masega. Yule anayekaa kwenye ekzosi na kusafisha moshi. Zinki akiungua na oili humziba pumzi."

"Nipeleke nimwone."

Wakawa wodini. Manesi wanatembea kwa ncha za vidole. Kuna kitanda kimoja, shuka limenyooshwa, mto hauna alama ya kichwa. Daktari ni Eliapenda yule yule wa duka la spea, sasa kavaa koti jeupe.

"Kitanda ni kitupu," Namkunda anasema.

"Punguza sauti," Eliapenda anamwambia. "Hali yake inaridhisha. Hajakohoa hata mara moja tangu gari hili litengenezwe."

"Hajakohoa kwa sababu hayupo! Gari hili lilitengenezwa bila masega. Halijawahi kuwa nayo!"

"Ndiyo maana hatujawahi kumpoteza," akasema Eliapenda, kifua mbele.

Nesi mmoja akaja na bakuli la uji wa moto, akaliweka kando ya kitanda, akaondoa la jana lililopoa.

Hapo damu ikamchemka Namkunda. "Mzee wa watu anasagwa kule chini akiwa hai, nanyi huku mnampepea mtu ambaye hayupo! Mnamzuia mlinzi wake ili asimsumbue nani? Shuka? Kuna mtu aliyekuja kuliangalia gari langu kabla ya kulipangia dawa? Kuna aliyeniuliza mimi ninayeliendesha?"

"Mgonjwa analalamikia kelele," akasema Eliapenda.

Namkunda akashika godoro kwa mikono miwili, akalipindua. Hakuanguka mtu. Manesi wakaangua kilio. "Tumempoteza," wakasema, "na alikuwa anaendelea vizuri."

Namkunda akawaacha wakilia, akarudi getini, akamsukuma Faneli kando, akamtupa Zinki mgongoni na kumshika miguu kama anavyobebwa mtoto. Zinki akamkamata mabega. Mara vumbi likatimka barabarani. Ukoo mzima wa Zinki unakuja mbio, wajomba, binamu, mashangazi, kila mtu na mto wake, wanapiga vigelegele.

Namkunda akatamani kuwaingiza wote, angalau Eliapenda akome. Lakini Zinki akamnong'oneza sikioni, "Usiwafungulie, mama. Injini inataka kiasi chake. Tukizidi, tunaanza kukila chuma chenyewe tunachokilinda."

"Hata shangazi yako huyu mpole?"

"Hasa huyo."

Akafunga geti. Shangazi mpole akamtukana matusi ambayo Namkunda hakuwahi kuyasikia hata sokoni.

Akashuka ukumbini na mzigo wake, akamlaza Zinki katikati ya Kamshafti na akina Tapeti. Zinki akajitandaza mpaka hakuonekana tena. Nundu ikapita, kimya. Tapeti wa mbele akafungua mdomo kuomba radhi, akakosa kosa la kuombea, akabaki mdomo wazi.

"Ahsante, mwanangu," akasema Kamshafti. "Nundu zilizoliwa hazirudi. Ila zilizobaki zinatosha kupanda mlima, ukiniendesha taratibu."

"Kwa nini hukupiga kelele mapema?"

"Nilipiga. Ukaongeza sauti ya redio."

Namkunda akaamka akiwa amekunja ngumi. Jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa nyumba. Yoeli, mumewe, alikuwa akipanga magunia ya tangawizi tayari kwa kupakia.

"Yoeli! Acha hayo magunia. Lete beseni na spana. Oili yote inamwagwa sasa hivi."

"Na tangawizi ya watu?"

"Itangoja. Nitawaambia mwenyewe, na wakinuna wanune. Mimi nateremka mjini kwa basi. Eliapenda atanitafutia oili nzito ya injini za zamani, yenye zinki ya kutosha, lakini isiyozidi. Akicheka, nitasimama mlangoni kwake na kuwaeleza wateja wake wote anachouza."

Akapiga magoti kando ya pikapu, akainama kuitafuta nati ya kumwagia oili. Akangoja spana. Spana haikuja.

"Nakuita mara ngapi?" akafoka.

Yoeli alikuwa amesimama nyuma yake na beseni mkononi, anamtazama mgongo. Kwenye gauni, juu ya mabega, palikuwa na alama za viganja viwili vidogo vya oili ya kijivu, bado mbichi, na chini kidogo, alama za magoti mawili.

"Mama Elifuraha," akamwambia mkewe taratibu, "umembeba mtoto wa nani?"