Msonyo Ndani ya Rilei

Saa mbili kasorobo asubuhi, msoma mita wa ofisi ya maji alibonyeza kitufe cha stata kwa mara ya saba, na kwa mara ya saba pikipiki ya ofisi ikamjibu, "Nch!" Taa ya mbele iliwaka. Honi ililia mpaka mlinzi akaziba masikio. Injini tu ndiyo iliyonyamaza. Kiki ya kuwashia kwa mguu haikuwepo, iling'olewa zamani na mtu akaenda nayo kwake, kwa shughuli ambayo hakuieleza.

Aliikokota hadi gereji ya shemeji yake, mume wa dada yake.

"Shem, umeniletea mgonjwa au maiti?" fundi aliuliza.

"Mgonjwa. Wa kupona akimwona daktari."

Fundi akabonyeza kitufe. Ikawaka palepale, inanguruma kwa adabu.

"Mnafiki kama wewe ulivyokuwa siku ya posa yangu," alisema fundi.

Aliujua ugonjwa huo wa mara upo, mara haupo. Hautaki nyundo, unataka subira. Alipima betri, akaikuta na nguvu zake zote. Akakagua fyuzi, akasugua ethi, pale waya unapofungwa kwenye bodi, mpaka ikang'aa, akatikisa waya mmoja mmoja huku akikata usukani kulia na kushoto, akashusha na kupandisha stendi. Hakuna kilichokatika. Mwishowe akampa daftari.

"Kila ikigoma, andika wapi, saa ngapi, na ulikuwa umetoka kufanya nini. Usiniandikie mashairi."

Jambo lenyewe lilikuwa la haraka. Msoma mita alikuwa na mkataba wa miezi mitatu, na katika miezi hiyo, akishindwa siku tatu kufikisha mita mia moja na ishirini za kusoma kwa siku, haongezewi mwingine. Siku mbili pikipiki ilikwisha kumlia. Mkataba wa namna hiyo alikuwa ameusaini mara arobaini na nne.

Baada ya wiki alirudi na daftari. Fundi alisoma huku midomo ikicheza. Mvua, iliwaka. Jua kali, iliwaka. Barabara ya mashimo, iliwaka. Iligoma mara nne, na mara zote nne alikuwa ametoka ofisini kwa Meneja. Aliokolewa na mlinzi, aliyemsukuma mpaka ikawaka. Lakini mlinzi ana ngiri, na alikwisha tangaza kwamba hasukumi tena.

"Huyo Meneja huwa anakwambia nini?"

"Kwamba ajira ya kudumu iko njiani. Subira yavuta heri."

"Nawe unamjibuje?"

"Nimjibu nini, shem? Yangu imevuta mvi tu. Nameza msonyo wangu, natoka."

Alikuwa akitii waraka. Kusonya ndani ya jengo la ofisi kulipigwa marufuku.

Fundi aliifungua rilei, kile kikopo kidogo kinachoupitisha umeme wa betri kwenda kwenye stata. Ndani, katikati ya vile vidomo viwili vya shaba vinavyotakiwa kugusana, alikuta misonyo. Aliitoa kwa kibano na kuipanga juu ya gazeti. Ilikuwa kumi na mitatu. Ya zamani ilikauka kama maganda ya vitunguu. Wa juu kabisa ulikuwa bado na mate.

"Yako hii?"

Msoma mita aliinama kuitazama. "Yangu. Huo mrefu ni wa siku aliponiambia nimfundishe kazi mdogo wa mke wake."

"Basi umeme unafika hapa, unasonywa, unarudi nyumbani," fundi alieleza akifuta mikono. "Nimesafisha. Lakini ukimeza mwingine, tutaonana tena. Kitu hicho kina mlango wake, kipitishe hukohuko."

Jumatatu Meneja alimwita. Alimwarifu kwamba ile ajira ya kudumu imepatikana, na aliyeipata ni mdogo wa mke wake, mtu wa kujituma.

"Wewe endelea kuvuta subira, dada yangu."

Msoma mita alisonya. Alisonya kuanzia saa tatu na dakika kumi hadi saa tatu na dakika kumi na sita, bila kupumzika. Pazia liliacha dirisha likamwelekea yeye. Kalenda ilijifunua miezi miwili mbele. Chai ya Meneja ilipungua kikombeni mpaka nusu. Karani aliyekaa pembeni aliendelea kuandika muhtasari, kiwiko kimoja juu ya karatasi, mkono mwingine juu ya wigi. Meneja alisubiri, ameishika tai yake isimtangulie.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Saini hapo."

Karatasi ilikwisha mfikia mkononi yenyewe. Ulikuwa mkataba wa miezi mitatu, wa arobaini na tano. Aliusoma wote, akasaini, kwa sababu mita mia moja na ishirini zilikuwa zinamngoja.

Nje alibonyeza kitufe mara moja, injini ikashika. Tangu siku hiyo haijagoma.

Waraka nao ulirekebishwa. Sasa kusonya kunaruhusiwa kila Jumatatu, kuanzia saa saba hadi saa saba na dakika kumi, ofisini kwa Meneja, madirisha yakiwa yamefungwa na vikombe vimefunikwa. Dakika hizo kumi hukatwa kwenye muda wa chakula wa msoma mita.