Ale na Baba

Ukiwa umepikia watu mia nne miaka ishirini na tisa, kisha mbwa mmoja akanusa chakula chako na kugeuza uso, afadhali angekung'ata.

Mzee Mwiko aligeuziwa uso huo mara mbili kwa siku. Jina la Mwiko alipewa na wanafunzi wa shule ya bweni, alikopika mpaka uongozi ulipoleta kampuni ya vyakula na kumwambia arudishe aproni. Mkewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Akafunga virago, akaenda kukaa kwa mwanawe, fundi wa majokofu, aliyeoa mfamasia mwenye mbwa wawili.

Wiki ya kwanza alikula mezani na wenyeji wake, kiti cha karibu na dirisha. Wiki ya pili mkwe alianza kumwachia sahani jikoni, imefunikwa kwa sahani nyingine. "Baba, sisi saa zetu hazieleweki, tusikukalishe na njaa." Wiki ya tatu wakarudi mapema, na sahani bado ikawa jikoni. Kile kiti kikawa cha kurundikia nguo za kupigwa pasi. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Yeye alipewa mabakuli mawili.

Siku anakabidhiwa, mwanawe alisimama mlangoni, macho kwenye simu.

"Baba, wewe si mpishi? Huyu Lulu hali, na mke wangu halali kwa ajili yake. Daktari wa mifugo atampima tena mwisho wa mwezi. Asipoongezeka itabidi tutafute mtu anayejua mbwa, na huyo mtu atataka chumba."

"Chumba kipi?"

"Baba, si kiko kimoja tu. Shangazi anasema kwake pana nafasi."

Kwa dada yake palikuwa na nafasi, na palikuwa na mdomo pia. Mzee aliwahi kukaa huko miezi miwili baada ya msiba, akaulizwa mpaka sabuni inaishaje haraka hivyo. Heri alale stendi.

Basi akajifunga kibwebwe. Tinga, dume, hakumpa shida. Jina lake ni kifupi cha tingatinga, na alikula hivyo hivyo, mpaka soksi. Lulu ndiye aliyekuwa mtihani: mbavu zinahesabika, mdomo umefungwa. Mzee alimbandika jina la Kufuli.

Sheria zilikuwa kwenye mlango wa friji, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kuandikia watu dozi. Tinga ale stoo, mlango ufungwe. Lulu barazani. Saa moja asubuhi, saa kumi na mbili jioni. Dakika kumi na tano, bakuli liondolewe, amekula hajala. Asibembelezwe.

"Hata mgonjwa hubembelezwa, mwanangu," mzee alisema.

"Ndiyo anavyozidi kudeka, baba. Njaa itamfundisha. Na asiingie chumba cha kulia. Kwangu mbwa kula na watu ni mwiko."

"Mwiko mwenyewe si ndiye mimi."

Mkwe hakucheka. Alikuwa anatafuta funguo za gari.

Mzee akapika. Hakutia chumvi, wala kitunguu, ambacho mkwe alisema ni sumu kwa mbwa. Na mpishi bila kitunguu ni seremala bila msumari. Alichemsha maini akayasaga. Alichanganya wali na supu ya mifupa. Alipasha vuguvugu, akapoza, akajaribu kumlisha kwa mkono, maana mkono mtupu haulambwi. Mkono uliojaa nao haukulambwa. Lulu alinusa, akaangalia mlango ambao watu waliingilia, akalala. Robo saa ikapita, bakuli likaondolewa. Siku tisa hivyo.

"Wewe unaringia nini?" mzee alimuuliza. "Kuna watu wanakula makombo."

Siku ya kumi alikuwa amefua mashuka tangu adhuhuri, na njaa ilimshika kabla ya saa ya mbwa. Akachukua sahani yake jikoni, akatoka nayo barazani ili aokoe muda. Aliweka bakuli chini, akakaa kwenye ngazi, akaanza kula wali wake uliopoa, bila kumwangalia mtu wala mnyama. Akasikia ulimi kwenye bati.

Akaacha kutafuna. Ulimi ukanyamaza. Lulu alikuwa ameinua kichwa, anamtazama. Mzee akapeleka kijiko mdomoni, na Lulu akainamisha kichwa, akaendelea. Walimaliza pamoja, na Lulu akalisukuma bakuli tupu kwa pua mpaka miguuni pake.

Kumbe maini hayakuwa na kosa. Kufuli ilikuwa na ufunguo, na ufunguo ni kijiko cha mtu.

Tangu hapo asubuhi na jioni walikula wawili, kimya, kama mafundi wa zamu moja. Mwisho wa mwezi daktari alimpandisha Lulu kwenye mizani, na alikuwa ameongezeka kilo moja na nusu. Mkwe alirudi akamshika baba mkwe mikono yote miwili, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi.

"Baba, umemtilia nini?"

Mpishi mwenye akili angesema ni siri ya jikoni. Mzee Mwiko akasema kweli, tena aliisema taratibu, ili iingie. "Sijamtilia kitu. Nakula naye. Hakuna anayependa kula peke yake, mwanangu."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

"Baba, umeniokoa," mkwe akasema.

Mwanawe naye akainua macho kutoka kwenye simu. "Basi, Baba, chumba ni chako. Mambo ya shangazi yamekwisha."

Jioni ile mzee alioga mapema, akavaa shati la kola. Saa kumi na mbili aliingia chumba cha kulia, akazitoa zile nguo kwenye kiti cha dirishani, akazikunja juu ya kochi, akakaa. Mezani palikuwa na sahani mbili. Mkwe alitoka jikoni na bakuli la mchuzi.

"Ala, baba, uko huku? Sahani yako nimeshaitoa barazani. Lulu anakungoja."

Mwanawe alijisogezea chumvi.

Mzee alipita jikoni. Kwenye karatasi ya friji, mbele ya jina la Lulu, mkwe alikuwa ameongeza kwa wino mpya: *Ale na Baba.*

Barazani bakuli na sahani vilikuwa sakafuni, sambamba, vimeachana hatua moja. Lulu alikuwa amekaa, hajagusa. Mzee akaketi kwenye ngazi, akapakata sahani, akashika kijiko. Hakikupanda. Lulu akamtazama, naye akamtazama Lulu, na kutoka ndani walisikika watu wawili wakila.

Robo saa ilipotimia mlango ulifunguliwa. Mkwe aliinama akaokota bakuli la Lulu, likiwa limejaa. Kisha, kwa mazoea, akaichukua na sahani.