Jogoo Ndani ya Kihenge

Zamani za kodi ya kichwa, mgambo wakionekana tu njiani, wanaume wa Msangano waliyeyuka kama chumvi, kijiji kikabaki cha wanawake. Boazi, mume wa Fides, hakujaliwa mbio. Yeye alijitosa kwenye kihenge cha ulezi, akajifukia hadi puani. Siku moja akapiga chafya, na wasema kweli wanaapa ng'ombe wa upande wa Zambia walikata kamba. Mgambo wakaondoka naye, na mbuzi juu.

Boazi alishazikwa, kodi nayo ilishafutwa, kihenge ndicho kilichobaki. Basi mwaka 2015, Fides aliposikia kuna mtu anapita kupima kama ruzuku ya kaya maskini imepunguza umaskini, hakutaka kuelezwa zaidi. Ruzuku yake alinunulia mitetea, wakaatamia, wakaangua, wakaangua tena. Akikutwa na kuku uani, si watamkata jina kwenye ruzuku? Akawatia wote kihengeni, akafunika, akajifunga khanga yake iliyochakaa kuliko zote.

Mpimaji alikuwa binti wa Tunduma, Bushra. Akaamkia, akaketi kigodani, akauliza maisha. Fides akalia shida kwa ufundi: pesa ile inaishia mdomoni, hata kooni haifiki. Bushra akaandika, uso umemshuka.

Jogoo akawika.

"Wa jirani huyo," Fides akasema.

"Jirani anafugia ndani ya kihenge chako, mama?"

Jogoo akajibu kwa niaba yake.

"Mama, kuku hawakutoi kwenye mpango," Bushra akasema. "Ila nikiandika hakuna kilichobadilika, wakubwa watasema pesa hizi ni bure, na wenzako watakosa."

Fides akamtazama kitambo, kama alivyokuwa akiwatazama wale mgambo. Kisha akafunua. Kuku wakamwagika na makapi yao, uani pakakosa pa kukanyaga, na Bushra akacheka hadi kalamu ikamdondoka.

Wakati wa kuagana, mikono ya Fides, kwa mazoea tu, ilikuwa imeshamfunga jogoo miguu. Bushra akakataa: alikuja kuwaona, si kuwala. Akapanda bodaboda, akaenda zake bila hata unyoya.

Fides akabaki na jogoo kwapani. Akakigonga kihenge taratibu, kama alivyokigonga enzi zile njia ikiwa nyeupe.

"Toka, Boazi," akanong'ona. "Ameenda, na hakuchukua kitu."